Gari la Kulala Nyikani: Hesabu Maji Kabla ya Vitanda



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya alasiri, walitujia mume na mke miongoni mwa wasomaji wa jarida hili. Mume amerejea nyumbani baada ya miaka mingi ya kazi Ghuba, na katika miaka hiyo watoto wake watatu wamekua akiwa mbali nao. Alikuwa na akiba yake na nia njema: kununua gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ili kila likizo ya shule awachukue watoto na mama yake mzazi kwenda kuitazama nchi yao, walale nyikani, wazoeane upya. Akatutolea simu na kutuonyesha picha. Lilikuwa gari jeupe, refu, la kupendeza, nalo lilikuwa bado ng'ambo kwa muuzaji.

"Sheikh," akasema, "tumekuja tushauriane kabla ya kuswali istikhara. Gari lina vitanda sita, nasi tu watu sita."

Mkewe alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza swali moja tu: "Na tangi lake la maji huchukua kiasi gani?"

Mume hakujua. Muuzaji hakusema, naye hakuuliza. Alijua ukubwa wa televisheni na rangi ya mapazia, lakini la maji hakulijua. Tukamwambia yule mama kwamba swali lake ndilo mlango wa suala lote, na kwamba sisi wenyewe tulijifunza jambo hilo kwa taabu. Kwa kuwa tunazijua familia nyingine zenye nia kama hiyo, tumeona ni bora tuyaandike hapa yale tuliyowaambia.

Safari iliyotufunza

Magari ya namna hii bado hayana jina moja katika lugha yetu. Wengine huyaita magari-nyumba, nasi tutatumia jina hilo. Miaka michache iliyopita, katika likizo ya Agosti, rafiki alituazima gari-nyumba lililoletwa kutoka Ulaya. Tulikuwa watu sita: sisi, mama wa watoto wetu, binti zetu wawili, mwana wetu mdogo, na mama yetu mzazi ambaye ana ugonjwa wa sukari na hutumia insulini kila siku. Tuliondoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri, tukapita Mariakani na Mackinnon Road, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeingia Tsavo Mashariki kwa lango la Voi.

Katika mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) kuna kambi za namna mbili. Ziko kambi za umma, ambazo aghalabu zina choo na maji ya mfereji, ingawa si kila mara mfereji hutoa. Na ziko kambi maalumu, ambazo familia hukodi peke yake na hazina huduma yoyote: hapana stima, hapana mfereji, hapana choo. Sisi tulichagua kambi maalumu kwa ajili ya faragha ya wanawake wetu, tukiamini kwamba gari lina kila kitu.

Taabu ya kwanza ilitupata hata kabla ya kufika. Njia ilivuka korongo kavu, na nyuma ya gari, sehemu ndefu inayozidi matairi, ikaburura chini na kupasua bomba la maji machafu. Tukalifunga kwa mpira, tukaendelea.

Taabu ya pili ilikuja usiku. Friji ya gari lile ilikuwa ya namna inayotumia gesi, au stima ya mjini, au betri. Mtungi wa gesi wa hapa kwetu haukuingiana na kiungo chake cha Kizungu, kwa hiyo tuliiacha friji iendeshwe na betri. Hatukujua kwamba friji ya namna hiyo hula umeme bila kupumzika. Kabla ya alfajiri betri ilikuwa imekufa. Taa hazikuwaka, na pampu ya maji haikuvuta. Insulini ya mama yetu ikaanza kupata joto.

Taabu ya tatu ilikuwa adhuhuri ya siku ya pili. Tulipofanikiwa kuiwasha pampu kwa kuunguruma injini, mfereji ulitema hewa. Tangi la lita 100 lilikuwa limekwisha. Watoto walikuwa wametawadha na kuosha vyombo kama wafanyavyo nyumbani, mfereji ukiwa wazi. Yaliyosalia yalikuwa maji ya kunywa katika chupa. Mto ulikuwa karibu, lakini mito ya Tsavo ina mamba, na hakuna mzazi mwenye akili anayemtuma mtoto kuteka humo. Tukayaweka maji ya chupa kwa ajili ya kunywa, tukapiga tayamamu kwa vumbi jekundu la Tsavo, tukaswali adhuhuri na alasiri, kisha tukafunga virago kurudi Voi mjini kutafuta barafu ya insulini.

Njiani mama yetu, ambaye hakuwa amelalamika hata mara moja, akasema: "Mwanangu, hili gari lina vitanda vya watu sita na maji ya watu wawili."

Hatujapata kusikia maelezo bora kuliko hayo. Gari-nyumba kwa ajili ya nyika halilazi watu kwa idadi ya vitanda vyake. Hulaza idadi inayoweza kunyweshwa, kutawadhishwa na kupoza dawa zake bila ya msaada wa mji.

Mizani ya kwanza: maji

Chukua kalamu na uhesabu. Katika joto la nyika mtu mzima huhitaji lita 3 hadi 4 za kunywa kwa siku. Tuweke 4. Kupika na kuosha vyombo, lita 4 kwa kila mtu. Kujimwagia maji kwa kata, lita 4.

Kisha udhu na istinjaa. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa, takriban theluthi mbili za lita. Vipindi vitano basi ni lita 3 na kitu. Ukiongeza istinjaa, weka lita 5. Jumla ni lita 17 kwa mtu mmoja kwa siku moja.

Kwa watu sita ni lita 102. Ndiyo maana tangi letu la lita 100 lilikuwa la siku moja tu, na hiyo ni kwa familia yenye kuhifadhi, wala hatukuhifadhi. Siku tatu ni lita 306. Ukitaka siku moja ya akiba kwa ajili ya gari kukwama, zimezidi lita 400.

Mambo mawili yatazamwe hapa. Kwanza, usiridhike na tangi kubwa peke yake. Tangi moja likipasuka au kuchafuka, yote yamekwenda. Gawanya: tangi la gari kwa matumizi, na jerikeni za lita 20 kwa kunywa, zilizofungwa imara sakafuni. Jerikeni ina fadhila nyingine, nayo ni kwamba kila mtu huona kiasi kilichobaki. Pili, gari liwe na mfereji mdogo wa nje au, bora zaidi, ndoo na kata. Mtoto anayetawadha kwa kata hujifunza kipimo cha kibaba kwa mkono wake, na israfu humtoka bila kukaripiwa.

Mizani ya pili: umeme

Umeme nao una hesabu, na si hesabu ngumu. Kila chombo kina wati zake. Zidisha wati kwa saa za matumizi, utapata wati-saa. Friji ndogo ya betri yenye kompresa, ambayo huwaka na kuzima yenyewe, hutumia takriban wati-saa 500 kwa siku katika joto letu. Taa nne za LED kwa saa tano ni 100. Simu sita ni 90. Feni mbili ndogo za wati 20 kwa usiku wa saa nane ni 320. Jumla, pamoja na pampu ya maji, ni kama wati-saa 1,000 kwa siku.

Betri moja ya volti 12 yenye ukubwa wa 100 hubeba wati-saa 1,200. Lakini betri ya kawaida ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo betri mbili za namna hiyo ndizo zitakazokufikisha siku moja. Betri ya lithiamu hutumika karibu yote. Ni ghali zaidi kwa kununua, lakini moja hufanya kazi ya mbili na uzito wake ni mdogo. Kuijaza kila siku, paneli za sola za wati 300 zinatosha jua likiwa zuri.

Sasa linganisha. Birika la stima la wati 2,000, likichemsha kwa dakika kumi, limekula umeme wa feni zote mbili kwa usiku mzima. Kiyoyozi kinachokula wati 1,000, ukikiacha kwa saa nane, kimekula wati-saa 8,000, yaani umeme wa familia kwa siku nane. Kwa hiyo muuzaji akikwambia gari lina kiyoyozi na linaweza kukaa nyikani wiki nzima, mwulize: kwa betri gani? Kiyoyozi ni cha mahali penye stima. Nyikani tafuta madirisha yenye wavu wa mbu pande zote mbili, tundu la hewa juu ya paa, na feni.

Friji ni suala la uhai kwa nyumba yenye mgonjwa wa sukari. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ile inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, kulingana na aina yake, mradi joto halizidi nyuzi 30, na mchana wa nyika huzidi hapo mara nyingi. Ulizeni daktari au mfamasia kabla ya safari. Chagueni friji ya kompresa. Zile za gesi, pamoja na tatizo la viungo tulilolitaja, hupoza vibaya gari likiwa limeinama na joto likiwa kali. Na kwa akiba chukueni mtungi wa udongo uliofunikwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini, kama walivyopoza maji mabibi zetu. Haushindi friji, lakini unapunguza joto kwa muda wa kutafuta barafu.

Mizani ya tatu: uzito na mikanda

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo lita 300 ni kilo 300, uzito wa wanaume wanne. Kila gari lina bamba linaloeleza uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamepewa kikomo cha kilo 3,500, na vitanda, makabati na vyoo vimekwisha kula sehemu kubwa ya kikomo hicho kabla abiria hajapanda. Aghalabu husalia kilo 300 hadi 500 tu. Watu sita wa kilo 65 ni kilo 390. Ongeza maji, mtungi wa gesi, vyakula, masufuria na mizigo, umeshavuka mpaka. Gari lililozidiwa breki zake huchelewa, na matairi yake hupasuka kwenye lami ya moto ya barabara ya Nairobi, iliyojaa malori. Kabla ya kununua, soma bamba. Na kabla ya safari ya kwanza, lipeleke gari kwenye mizani likiwa limejaa.

La pili ni mikanda. Gari linaweza kuwa na vitanda sita na viti vinne tu vyenye mikanda ya usalama. Hao wawili waliosalia watakaa wapi? Mtoto kulala kitandani gari likienda kasi ni hatari kubwa. Hesabu mikanda kama unavyohesabu watoto.

Mizani ya nne: njia

Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya gari la mizigo la Fiat Ducato, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Ni gari zuri kwa lami. Lakini uzito wote wa vitanda na maji ukiwa nyuma, magurudumu ya mbele hukosa mshiko kwenye mchanga, na mkia mrefu huburura penye korongo, kama ulivyoburura wetu. Kwa nyika yetu tazama urefu kutoka ardhini hadi tumbo la gari, tazama mkia, tazama mabomba na matangi yaliyoning'inia chini. Wakati wa masika, udongo mweusi hunasa hata magari yenye nguvu za magurudumu manne. Hapo ushauri wetu ni mmoja, nao ni kusubiri kiangazi.

Tazama pia vipuri. Gari ambalo fundi wa Voi au Mtito Andei analijua lina thamani kuliko gari la fahari linalosubiri kifaa kutoka ng'ambo kwa miezi.

Mizani ya tano: sitara

Hili aghalabu wanaume hulisahau, na wanawake hulibeba kimya. Usiku katika mbuga haifai mtu kutoka nje kwenda haja. Tembo na fisi hupita kambini. Kwa hiyo choo cha ndani ni dharura. Kinachofaa zaidi ni kile chenye kasha la kutolewa na kumwagwa penye choo cha kweli. Kasha hilo huchukua kama lita 20, na kwa watu sita hujaa upesi, hasa kwa sisi tunaotumia maji. Panga mahali pa kulimwaga kila siku au siku ya pili, na usilimwage kamwe karibu na mto. Mzima, kule Tsavo Magharibi, ndiyo chemchemi inayoleta maji kwa bomba mpaka Mombasa. Tunayoyachafua huko ni maji ya watu.

Chumba cha choo kiwe na mlango wa kufunga, si pazia. Pawe na mahali pa mwanamke kubadilisha nguo na kunyonyesha bila ya kumtoa kila mtu nje. Turubai la pembeni, lenye kuta za kuteremshwa, huongeza chumba kizima kwa gharama ndogo.

Na hapa kuna neema ya jiografia yetu. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Mombasa, na Voi nayo haipishani sana. Gari la Kenya lina mlango wa abiria upande wa kushoto. Ukilielekeza pua mashariki, mlango na turubai vitatazama kaskazini, ndiko kibla. Na jua kali la alasiri litapiga mgongo wa gari peke yake, si ubavu wake. Mkao huo mmoja unakupa kibla na kivuli.

Magari yapatikanayo kwetu

Kwa mizani hizo tano, tuyapime magari yanayopatikana katika soko letu.

La kwanza ni gari la aina ya matatu, kama Toyota HiAce, likatengenezwa ndani na fundi wa mbao na fundi wa umeme. Kila mji una fundi wake na vipuri vyake. Linatosha mume, mke na watoto wawili. Wavulana wakubwa hulala katika hema la pembeni. Udhaifu wake ni kwamba liko chini na mengi hayana nguvu za magurudumu manne. Ni gari la kiangazi na la njia zilizochongwa.

La pili ni Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Hupita takriban kila mahali. Lakini ndani hakuna nafasi, hakuna choo, na ngazi ya kupandia kitandani haimfai mzee wala mjamzito.

La tatu ni basi dogo kama Toyota Coaster, au lori dogo la Canter au Isuzu lililojengewa chumba nyuma. Hili ndilo linalobeba maji ya watu sita bila kulia. Hunywa mafuta zaidi, hutikisa, na matawi ya miti hugonga paa lake. Na leseni ya gari dogo haitoshi kuendeshea lori au basi.

La nne ni gari-nyumba lililo tayari kutoka ng'ambo. Huko Japani, tunakonunua magari yetu mengi, hutengenezwa magari-nyumba juu ya chasisi ya Toyota, nayo yana usukani wa kulia. Kumbukeni sheria ya Kenya: gari lililotumika haliingizwi likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani wake sharti uwe kulia. Kumbukeni pia kwamba umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu ni 240. Ukichomeka gari la Japani katika stima yetu bila kubadilisha mitambo yake, utaunguza vyombo, na Mungu apishe mbali, huenda ukaunguza gari. Viungo vya gesi navyo vibadilishwe na fundi anayejua.

Tahadhari ya moshi na gesi

Tunaomba kila mama alisome hili mara mbili. Usiingize seredani ya makaa ndani ya gari kamwe, hata kama moto umefifia, hata kama baridi ya usiku ni kali. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia sakafuni, pale pale watoto wanapolala. Kabati la mtungi liwe limetengwa na chumba na liwe na tundu chini linalotoa nje. Pikeni nje penye upepo kila inapowezekana, na wekeni kizima moto karibu na mlango.

Kodi kabla ya kununua

Mwisho tuliwauliza wale wageni wetu: mtasafiri mara ngapi kwa mwaka? Wakasema, labda mara mbili au tatu. Gari litakalosimama uani miezi tisa, likila bima na chumvi ya bahari, ni mzigo. Kukodi au kuazima kwa safari mbili za mwanzo hufunza zaidi kuliko picha mia. Na mwenye kununua asiingie katika riba kwa ajili ya mapumziko. Starehe haikuwa dharura hata siku moja.

Tukawashauri wafanye jaribio karibu na nyumbani. Shimba Hills, juu ya Kwale, si mbali ukivuka Likoni. Kuna msitu, tembo na palahala, na likitokea la kutokea mtakuwa nyumbani kabla ya swala. Laleni usiku mmoja kana kwamba hakuna mji: msinunue kitu, msiombe maji. Asubuhi pimeni kilichosalia katika tangi na katika betri. Kipimo hicho ndicho muuzaji mwaminifu kuliko wote.

Walifanya hivyo, kwa gari la matatu la jamaa yao, wakiwa na magodoro, friji ndogo na jerikeni tano. Siku ya pili yule mama alitupigia simu. Jerikeni nne zilikuwa zimekwisha, na ya tano ilikuwa nusu. Bibi hakulala vizuri kwa sababu ya joto, na mwana mkubwa alikataa kuosha vyombo. Lakini baba yao, alisema, alikaa na watoto nje mpaka usiku wa manane akiwasimulia ya Ghuba, mambo ambayo hawakupata kuyasikia kwake.

Lile gari jeupe hawakulinunua. Wanatafuta Coaster, na mume sasa ana daftari. Ukurasa wake wa kwanza una hesabu ya maji, kwa mwandiko wa mkewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu salama ya kwenda na ya kurudi, na azikutanishe nyoyo za watoto na wazazi wao, iwe nyikani au nyumbani.

Wabillahi tawfiq.